Mlezi wa Watoto Naye ni Mfanyakazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu, Nairobi)



Katika mikutano yetu tumezoea kusema habari za mishahara, saa za kazi na nyumba. Hayo ni mambo ya haki, wala hatutayaacha. Lakini leo tuna neno jingine, ambalo wengi hulidhani ni la wanawake na jikoni, kumbe ni neno la kazi kabisa. Nani humlinda mtoto na kumlisha wakati mzazi wake yuko kazini?

Sisi watu wa reli hatuna haja ya kuhadithiwa habari za Kibera. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na njia iendayo Kisumu inapita katikati ya Kibera. Madereva wetu wanapopiga honi alfajiri wanawaona watu wanaotembea juu ya mataruma kwenda Industrial Area, maana nauli ya kila siku ingemaliza mshahara. Tena wanawaona watoto wanaocheza kando ya njia, na mara nyingine msichana mdogo amembeba ndugu yake mgongoni saa ambayo angekuwa darasani.

Kawangware mambo ni yale yale. Mama anatoka asubuhi kwenda Lavington au Kileleshwa kutafuta nguo za kufua. Akipata, jioni ana shilingi za unga. Akikosa, anarudi mikono mitupu. Mama huyu ana njia tatu tu. Kwanza, amwachie mtoto dada yake mkubwa, naye dada akose masomo. Pili, amfungie ndani na kumwomba jirani asikilize kilio. Tatu, ampeleke kwa mama mlezi.

Tumtazame huyo mama mlezi. Ana chumba kimoja cha mabati, mkeka, ndoo ya maji na sufuria ya uji. Huwapokea watoto kabla jua halijachomoza, na huwarudisha wa mwisho gizani. Malipo yake hupokea siku kwa siku, na katika vituo vingi ni shilingi chache sana kwa kila mtoto. Mama wa mtoto akikosa kibarua, hulipa kesho. Kesho akikosa tena, mlezi atafanyaje? Akimfukuza mtoto, mama hawezi kutoka kutafuta kazi, na deni halitalipwa kamwe. Akimkubali, lazima augawe uji wa watoto 10 kwa watoto 12.

Ndugu zangu, ndiyo maana tunasema chakula na ulezi ni jambo moja. Ukitoa chakula tu, mama hushiba leo lakini bado amefungwa nyumbani. Ukitoa ulezi bila chakula, mtoto hulala njaa mikononi mwa mlezi. Hivi viwili ni kama reli mbili za njia moja: ukiondoa mmoja, gari haliendi.

Sheria inatwambia nini? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Ni vyema. Lakini mwezi wa nne mtoto hajui hata kukaa, na mama yuko kazini. Na yule anayefua nguo za watu kwa siku hana hata hiyo miezi 3. Katiba ya mwaka 2010 inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na kila mtoto ana haki ya lishe. Maneno ni mazuri, lakini maneno hayachemshi sufuria. Lazima pawe na watu wa kuyatenda.

Watu hao wapo, tena wengine walitoka papo hapo mtaani. Yuko marehemu Tabitha Festo, nesi wa Kibera. Mwaka 2000 alipewa shilingi 2,000 tu na kijana Mmarekani, akafanya biashara ya mboga, na kwa faida yake akaanza kuwatibu wagonjwa chumbani mwake. Alifariki mwaka 2004, lakini kliniki yenye jina lake ilibaki. Yuko pia Kennedy Odede, aliyekulia Kibera, akaanzisha SHOFCO mwaka 2004. Shule yao ya wasichana ilifunguliwa mwaka 2009, na watoto husoma na kula humo bila ada. Lakini sikilizeni hili: mzazi naye hutoa kazi ya mikono yake shuleni majuma kadhaa kwa mwaka. Haji kama mwombaji, huja kama mwenye shule. Tena liko shirika liitwalo Kidogo, ambalo halikuwadharau mama walezi wenye vyumba vya mabati, bali linawafundisha kulea vizuri zaidi na kuweka hesabu ya kazi yao.

Na serikali ya Kaunti ya Nairobi, pamoja na shirika la Food4Education, mwaka 2023 walianza mpango wa Dishi na County, ambamo mzazi hulipa shilingi 5 kwa chakula cha mchana na gharama iliyobaki hulipwa na wengine. Tunausifu mpango huo. Lakini ni wa watoto walio katika shule za serikali. Mtoto wa mwaka mmoja hana shule. Yeye yuko kwa mama mlezi.

Wako wenzetu watakaosema, "Msaada wa chakula huwafanya watu wavivu." Tunawajibu kwa methali ya wazee: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali haisemi umnyime chakula siku mbili za kwanza. Tena mama anayetembea kutoka Kawangware hadi Kileleshwa na kurudi, jembe analo. Anachokosa ni mtu wa kumshikia mtoto.

Lakini namna ya kutoa ni jambo kubwa. Tarehe 10 Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, chakula kilipelekwa Kibera kugawiwa watu. Umati ulisukumana, gesi ya machozi ikapigwa, watu wakaumia. Walikuja kutafuta unga wakarudi na majeraha. Chakula kinachotupwa mbele ya watu wenye njaa si msaada. Msaada wa kweli huenda kimya kwa mtu anayejua ni nyumba gani haijawasha moto jana. Mtaani, mara nyingi mtu huyo ni mama mlezi, maana yeye humwona mtoto akila, na hujua aliyekuja bila kula.

Basi, tunaleta maazimio matatu mbele yenu.

La kwanza: kila mwanachama ambaye mtoto wake hulelewa kituoni amlipe mlezi kwa juma zima, mapema, siku ya Jumatatu. Sisi wenyewe hukasirika mshahara ukichelewa siku mbili. Tusimtendee mwingine tusilotaka kutendewa.

La pili: kila mwisho wa mwezi, atakayeweza alete kilo moja ya unga au maharagwe katika ofisi ya tawi. Wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke, watavipeleka kwenye vituo vya Kibera na Kawangware na kuandika hesabu, nayo isomwe katika kila mkutano. Haba na haba hujaza kibaba. Picha zisipigwe.

La tatu: katika mazungumzo na waajiri, tudai mahali pa kunyonyeshea watoto. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imekwisha kumwagiza mwajiri aweke mahali hapo. Tusiombe kama zawadi kitu ambacho ni sheria.

Ndugu wanachama, chama chetu kilijengwa juu ya neno moja, kwamba atokaye jasho astahili heshima na ujira wake. Mama mlezi hutoka jasho kutoka giza hadi giza, wala hayumo katika daftari la chama chochote. Bila yeye, mashine nyingi za Industrial Area zisingepata watu wa kuziendesha, na beseni nyingi za Lavington zingekaa kavu. Tukimhesabu kuwa mwenzetu, tutakuwa tumeongeza nguvu ya wafanyakazi wote.

Mwenyekiti, tunaomba maazimio haya yapigiwe kura leo hii, kabla watu hawajatawanyika.

Umoja ni nguvu.