Mwenye Nguvu Mpishe: Je, Hata Mbele ya Sheria?

(Hotuba ya mjumbe wa Kamati ya Jamii kwenye maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Kamati imenipa nafasi nizungumze juu ya swali ambalo halikosi kuulizwa kila baraza la usuluhishi linapokaa. Je, mtu mwenye mali, au mwenye jina kubwa, anastahili kutendewa na sheria tofauti na wengine? Wahenga wametuachia methali mbili zinazovutana. Moja inasema: mwenye nguvu mpishe. Nyingine inasema: sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Methali ya kwanza ni ya njiani. Ukikutana na fahali kwenye njia nyembamba, mpishe, usalimike. Lakini barazani si njiani. Watu wamekwenda pale kwa sababu wameshindwa kupishana.

Sitazungumza siasa. Taratibu za kambi haziruhusu, na wala sihitaji siasa kulieleza jambo hili. Nitazungumza juu ya ardhi, kwa sababu wengi wetu tuliomo hapa tumetoka kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, na ardhi ya kule ndiyo imetufundisha somo hili kwa gharama kubwa.

Ndugu zangu, mnajua kwamba tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianza katika mwambao ule, na mauaji yaliyofuata yalisambaa nchi nzima. Wazee wetu walivuka ziwa na mipaka, wakafika Katumba, Ulyankulu na Mishamo hapa Tanzania, wengine wakaenda Zaire ya wakati ule. Nyuma yao walibaki michikichi na mashamba. Mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, kisha huendelea kuzaa kwa miaka zaidi ya 20. Mti wa namna hiyo haukai bila mwenyewe. Mashamba yaligawiwa upya. Mengine yaliingizwa katika miradi ya michikichi ya serikali, mengine walipewa wakulima waliotoka mikoa mingine, na mengine yaliingia mikononi mwa watu wenye vyeo na watu waliokuwa karibu nao.

Sheria haikukosekana. Tarehe 30 Juni 1977 ilitolewa amri ya serikali iliyowapa wakimbizi wanaorudi haki ya kurudishiwa mali zao. Lakini haki iliyoandikwa Bujumbura ilibidi itembee mpaka Rumonge, na njiani ilikutana na wenye nguvu. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1986. Ilisema kwamba mtu aliyekaa kwenye ardhi miaka 30 bila kupingwa anaweza kuwa mwenyewe halali, na aliyekaa kwa nia njema inatosha miaka 15. Ukiisoma, haimtaji tajiri wala maskini. Inaonekana sawa kwa wote. Lakini jiulizeni: nani alikuwa na nafasi ya kupinga? Aliyekuwa ng'ambo ya ziwa, bila karatasi, bila nauli, bila wakili, hakuweza kupinga kitu. Saa ya sheria ilikuwa inahesabu miaka yake akiwa kambini. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba upendeleo si lazima uandikwe. Yatosha sheria iandikwe kwa watu wote halafu mlango wake ufikiwe na wachache.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulikiri jambo hili. Ulisema mkimbizi aweze kurudishiwa mali yake, hasa ardhi, na kama haiwezekani, alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi na mali nyingine, ile iliyojulikana kwa herufi CNTB, na mwaka 2014 ikaanzishwa mahakama maalumu ya mambo hayo. Tume ilianza kwa kuwashauri watu wagawane shamba. Baada ya 2011 ikaelekea zaidi kumrudishia shamba lote aliyekimbia. Kazi ya tume ilifika mwisho mwaka 2022, na migogoro haikuisha yote.

Sasa naomba tusikilizane vizuri hapa, kwa sababu ndilo jambo kubwa nililokuja kulisema. Katika mashamba mengi ya Rumonge, waliokutana uso kwa uso siku ya kesi hawakuwa mkubwa na mnyonge. Walikuwa wanyonge wawili. Mmoja alikimbia mwaka 1972. Mwingine aliwekwa pale na serikali, akalima kwa jasho lake, akazaa na kuzika pale. Yule aliyetia sahihi ya kugawa, au aliyejichukulia kipande kizuri kwa sababu ya cheo chake, hakuwepo siku hiyo. Mkubwa akipishwa mara moja, wadogo wawili watagombana miaka 40. Kila upendeleo una mtu aliyeulipia. Tukisema, mwacheni fulani, ni mtu mkubwa, tunakuwa tumechukua kitu kwa mtu mwingine bila kumtaja.

Wako watakaosema: hayo ni ya Burundi. Tutazame basi hapa Tanzania. Novemba 2006 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, Ditopile Mzuzuri, alimpiga risasi dereva wa daladala jijini Dar es Salaam, dereva akafa. Alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, kosa lisilo na dhamana. Baada ya miezi michache mashtaka yakageuzwa kuwa kuua bila kukusudia, akapata dhamana. Alifariki Aprili 2008 kesi ikiwa bado haijaisha, kwa hiyo mahakama haikupata kusema kama alikuwa na hatia, na mimi siwezi kuisemea. Lakini watu waliuliza swali moja la haki kabisa: kama dereva ndiye angempiga risasi Mkuu wa Mkoa, mashtaka yangegeuzwa upesi hivyo?

Mwaka 2015 mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walihukumiwa kifungo kwa kutumia vibaya madaraka. Februari 2016 walitolewa gerezani wamalizie adhabu kwa kufanya usafi katika hospitali ya Sinza Palestina. Wengine walicheka, wengine walinung'unika kwamba wakubwa wamependelewa. Kwa kweli sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002 inamruhusu mfungwa yeyote ambaye kifungo chake hakizidi miaka mitatu afikiriwe hivyo. Kufagia hospitali hakukuwa kosa. Swali ni hili: kijana aliyefungwa miaka miwili kwa kuiba baiskeli anaelezwa na nani kwamba sheria hiyo ipo? Mkubwa akipata kilicho halali, tusimnyang'anye. Tumpelekee na mdogo.

Na msumeno hukata na upande wa pili. Domitien Ndayizeye alikuwa Rais wa Burundi kuanzia 2003 hadi 2005. Agosti 2006 alikamatwa kwa tuhuma za kupanga kupindua serikali, kinga yake ya useneta ikaondolewa, akawekwa ndani. Januari 2007 Mahakama ya Juu ikamwachilia huru. Nataka vijana wayashike mambo mawili hapo. La kwanza: kuwa rais wa zamani hakukumzuia kufikishwa mbele ya majaji. La pili: mtu akiwa mkubwa halafu akashtakiwa, hiyo si alama kwamba ana hatia. Sisi maskini tuna kishawishi chetu. Tukisikia tajiri ameshtakiwa, tunapiga makofi kabla ya ushahidi. Huo nao ni upendeleo, ila umegeuzwa.

Yapo maneno yanayosemwa kuwatetea wakubwa, na baraza letu huyasikia. Nitajibu matatu.

Kwanza, husemwa: huyu ana duka, anatukopesha chumvi na sabuni, tukimtoza faini atafunga duka. Jibu langu ni kwamba deni la chumvi hulipwa kwa pesa. Halilipwi kwa jino la mtoto wa mtu aliyepigwa. Wema wake tumshukuru sokoni na msibani. Kwenye kesi, tuangalie alichofanya.

Pili, husemwa: mtu mwenye jina akiitwa barazani tu, aibu imekwisha kuwa adhabu. Lakini mjane naye ana jina kwa majirani zake. Aibu yake haipunguzi adhabu yake, kwa nini ya mwingine ipunguze?

Tatu, husemwa: faini ni ileile kwa wote, usawa upo. Hapana. Faini inayomfanya mmoja atoe noti mfukoni na mwingine auze mgao wa mwezi mzima si faini moja. Mmoja amenunua ruhusa, mwingine amelala njaa.

Wazee wetu walilijua hili. Mshingantahe alipokabidhiwa intahe, aliapa mbele ya watu kuhukumu bila kuangalia sura. Lakini ilikuwepo pia agatutu, ile pombe ya kuwashukuru wazee, na sehemu nyingi shukrani ikawa bei. Mwenye mtungi mkubwa akasikilizwa kwanza. Desturi nzuri iliharibika kidogo kidogo, kwa kikombe kimoja baada ya kingine. Tusiyarudie hayo hapa kambini, mahali ambapo soda moja inaweza kufanya kazi ya mtungi.

Kwa hiyo naleta mapendekezo haya mbele ya Kamati.

1. Kesi ziandikwe kwenye daftari kwa utaratibu wa kufika, na zisikilizwe kwa utaratibu huo. Anayeruka foleni, sababu yake iandikwe.

2. Mzee mwenye undugu, deni au biashara na upande mmoja akae pembeni siku hiyo. Hatukani mtu kwa kukaa pembeni, analinda heshima ya intahe.

3. Chakula, kinywaji au zawadi isipokelewe na mwamuzi, si kabla wala baada ya kesi.

4. Badala ya faini ya pesa, tutumie kazi za jamii kwa saa zilezile kwa kila mtu: kuzibua mitaro, kufagia kwenye bomba la maji, kusaidia kujenga nyumba ya kikongwe. Jembe halijui nani ana duka.

5. Ubakaji, kujeruhi na makosa mengine makubwa yapelekwe polisi. Baraza halina mamlaka ya kuyamaliza kwa mbuzi wala kwa pesa, hata familia mbili zikikubaliana.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nasema kwa heshima: wakati mwingine huja ujumbe kwamba mlinzi fulani, au mfanyakazi fulani wa posho, kesi yake ifikiriwe kwa sababu ni mtu wetu. Tafadhali msitume ujumbe huo. Na sanduku la malalamiko lifunguliwe mbele ya mashahidi, hata kama lalamiko linamhusu mtu anayekuja na gari. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 7, linasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unatupa nafasi ya kwenda mahakamani, na pia unatudai tutii sheria za nchi inayotupokea. Hayo yote yanaanzia barazani kwetu, chini ya mti.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mvuvi yeyote wa Rumonge anaelewa sababu yake. Lakini pia anajua kwamba ikiwa mtumbwi wa mtu mmoja mwenye nguvu utaachiwa ushuke usiku, wenye mitumbwi midogo nao watashuka, na ndagala hawatapatikana kwa yeyote, hata kwa yule mwenye nguvu. Mali yake haitamtolea samaki kwenye maji matupu.

Ndugu Mwenyekiti, mapendekezo hayo matano yamo kwenye karatasi niliyomkabidhi katibu. Naomba yasomwe kwa Kirundi na Kiswahili katika kila kijiji, yajadiliwe na akina mama pia, kisha yapigiwe kura kwenye kikao kijacho.