Budjeti inapanda, ama ni franka inaanguka?



Leo tuzungumze juu ya maneno, yale tunasikia ku radio kila mwaka wakati serkali inapeleka budjeti Bungeni: "budjeti imeongezeka", "matarajio ni mazuri", "uchumi uko imara". Mara nyingi hayo maneno si uongo kabisa. Njo maana yanapita bila mutu kuuliza.

Tuchukue mfano wenye sisi wote tuliishi. Budjeti ya 2023 ilikuwa franka miliari 32.000 na zaidi. Ile ya 2024 ikapita miliari 40.000. Tukaambiwa: ongezeko la karibu 25%. Lakini mama anayechenja feza pembeni ya barabara yuko na hesabu ingine. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa karibu franka 2.000, mwisho wa mwaka ikapita 2.500. Rudisha sasa zile budjeti mbili katika dola: kila moja ni kama miliari 16. Kilichopanda ni bei ya dola. Mwalimu hana haja ya kufundishwa hiyo, yeye anapata mshahara kwa franka na mwenye nyumba anamwomba dola.

Halafu "ukuaji". Mwaka 2022 na 2023 uchumi wa Congo ulikua kwa zaidi ya 8%, na hiyo ni kweli. Muangalie tu nini kilikua: zaidi ni madini, shaba na kobalti. Malori yakiongezeka Kasumbalesa, asilimia inapanda, hata kama kwenye kartie yenu hakuna kijana mumoja aliyepata kazi.

Tena, ndani ya kila makadirio mazuri kuna "kama" yenye hawasomi kwa sauti: kama bei ya shaba itabaki juu. Hiyo bei haipangwi Kinshasa. Wazee wetu waliliona hilo. Zaire ilikopa sana wakati shaba ilikuwa na bei; 1974 bei ikaanguka, na 1975 inchi ikashindwa kulipa madeni. Hata hivyo waliendelea kuimbiwa "Objectif 80".

Kuna pia neno "uvumilivu wa uchumi". (Hili linanikasirisha kidogo.) Wanasema uchumi umevumilia vita na bei ya mafuta. Nani alivumilia? Ni mama aliyepunguza kipimo cha unga nyumbani.

Na muangalie vitendo: "mapato yatakusanywa", "barabara zitajengwa". Nani atakusanya? Nani atajenga, na mbele ya tarehe gani? Sentensi haina mwenyewe, basi mwaka ukiisha hakuna wa kuulizwa.

Katiba inasema mpango wa budjeti ufike Bungeni mwisho tarehe 15 Septemba. Lakini kuna karatasi ingine, yenye haizungumziwi sana: hesabu za mwaka uliopita, zenye kuonyesha feza iliyoingia kweli na iliyotoka kweli. Hiyo nayo inapita Bungeni, pamoja na maoni ya Korti ya Hesabu. Mbunge wenu akirudi likizo na kuwaambia budjeti imepanda, mumuombe ile karatasi ya pili. Mumuulize pia, kwa heshima: imepanda katika dola, ama katika franka?