Mcheza Kwao Hutuzwa



Jumapili hii twapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo wengi wetu hulitenda bila kulifikiri: kuwapiga picha vijana wa sarakasi katika maandamano ya sherehe. Mwenge wa Uhuru hupita kila mwaka katika wilaya zote za nchi yetu, Mafia ikiwemo, na kila uendapo hupokewa kwa ngoma na michezo ya vijana. Kule Unguja, tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limejulikana pia kwa maandamano yake ya mitaani, ambamo beni, ngoma na wanasarakasi hufuatana. Kijana huruka samasoti juu ya lami ngumu, mwingine husimama juu ya mabega ya mwenzake, na mara moja mikono mia huinuka, kila mmoja na simu yake. Je, sisi tunaotazama tunawiwa nini na yule anayeuhatarisha mwili wake mbele yetu?

Kwanza, tunawiwa kumwona mzima, yeye na wenzake. Mpigapicha hodari huingoja ile nukta ambayo mruko umefika kileleni, mwili umekwisha kupanda wala haujaanza kushuka. Hapo kijana huonekana kana kwamba ametulia hewani. Tena mpigapicha hupiga goti, ili mruko uonekane mrefu kuliko ulivyo. Picha hiyo haisemi uongo, lakini haisemi yote. Haionyeshi miaka ya mazoezi. Katika miaka ya 1960 serikali yetu iliwapeleka vijana China wakajifunze sarakasi, na waliporudi ndipo kikundi cha taifa cha sarakasi kilipoundwa. Tangu mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kimewafunza vijana sanaa za jukwaani, sarakasi ikiwa miongoni mwake. Basi ule mruko wa nukta moja ni kazi iliyosomewa, kama useremala au ualimu ulivyosomewa.

Na katika mnara wa watu, kamera zote huelekezwa kwa yule aliye juu kabisa, aliyenyoosha mikono. Aliye shinani, ambaye misuli inamtetemeka na jasho linamwingia machoni wala hawezi kulifuta, hukatwa nje ya picha. Lakini akitikisika yeye, wote wataanguka. Mtume Paulo aliwahimiza Wagalatia wachukuliane mizigo. Ni nani awezaye kuyaonyesha mafundisho hayo waziwazi kuliko kijana huyo wa chini? Hata katika familia zetu na jumuiya zetu wako walio shinani, ambao hakuna awapigaye picha.

Pili, tunawiwa kumlinda. Ninyi wa Mafia mna mfano ulio karibu nanyi. Kuanzia Oktoba hadi Machi wageni huja kumwona papa potwe katika maji ya Kilindoni. Kabla ya kuingia baharini huelezwa kanuni: wasimguse, wasimsonge, wakae mbali naye kidogo, wala wasimpige picha kwa mwanga mkali wa kamera. Ni kanuni njema, kwa kuwa samaki huyo ni kiumbe cha Mungu. Lakini mtoto wa jirani yetu, aliyesimama kichwa chini miguu juu, tunamsogelea mpaka tunapaziba mahali atakapotua, na tunammulika machoni wakati ule ule anapoitafuta ardhi kwa macho. Kanuni tuliyomwekea potwe, je, mwanadamu hastahili?

Kibaya zaidi ni kelele zetu. Kijana akimaliza mchezo aliouzoea, twapaza sauti: "Bado! Juu zaidi! Rudia, sijapata!" Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana akisifiwa kupita kiasi, huweza kujaribu asilolifanyia mazoezi. Shingo ikivunjika, watazamaji watarudi makwao, naye atabaki kitandani na mama yake. Tukumbuke kwamba Bwana wetu naye alipandishwa juu ya kinara cha hekalu, akaambiwa ajitupe chini. Alikataa. Hakuona kwamba uhai ni kitu cha kujaribiwa ili watu wastaajabu. Basi tujihadhari, wapendwa, sauti zetu sisi katika umati zisije zikafanana na sauti ile ya mjaribu.

Hatusemi kwamba sarakasi ni mchezo usiofaa. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyezaliwa mwaka 1815 nchini Italia na kutangazwa mtakatifu mwaka 1934, alikuwa mwanasarakasi katika utoto wake. Alijifunza kwa kuwatazama wachezaji wa magulioni. Akafunga kamba kati ya miti miwili, akatembea juu yake mbele ya majirani. Kiingilio chake hakikuwa fedha: kila mtu alitakiwa kusali rozari na kusikiliza mahubiri ya Jumapili, ambayo mtoto huyo aliyarudia kwa kichwa. Hakuna aliyetazama bure.

Hapo ndipo tunapofikia deni la tatu, nalo ni kutuza. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Mcheza kwao hutuzwa. Katika ngoma na katika taarabu, aliyependezwa huinuka, hujongea mbele, na humpa mchezaji alichonacho huku akimtazama usoni. Kutuza ni kusema: nimekuona, na kazi yako imenigusa. Simu imetuzoeza kuchukua tukaondoka. Twaichukua sura ya kijana, twaituma kwa ndugu walio mbali, nao hucheka na kushangaa, lakini mwenye mwili ule hakuombwa ruhusa, hakupewa shilingi, wala hakuonyeshwa picha yake mwenyewe.

Basi, ninyi makatekista, wafundisheni vijana wetu, nasi wazazi tuwe mfano. Msafara upitapo, tuwaachie wachezaji nafasi ya kutua. Tuombe ruhusa, na kwa mtoto tumwombe mzazi wake. Tupige picha moja pana, ambayo aliye shinani naye ataonekana. Kisha tuishushe simu, tutie mkono mfukoni, tumtuze mchezaji, na tumuulize jina lake.

Mungu, aliyeiumba miili yetu kwa namna ya ajabu, awalinde vijana wetu warukapo na watuapo, na atujalie sisi macho yanayotazama kwa heshima. Amina.