Kisanduku cha Kuchomeka katika Gari la Tabo Lililo Chini ya Dhamana: Nani Abebe Mzigo wa Ushahidi?

Mada hii inahusu kifaa kidogo cha kielektroniki kinachouzwa kwa wenye magari ya tabo, ambacho huchomekwa kati ya sensa za injini na kompyuta yake ili gari liongezeke nguvu bila injini kufunguliwa wala programu ya kiwanda kuguswa. Kifaa hicho kitaitwa hapa kisanduku. Wauzaji wake hukisifia kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: kwamba hufungwa kwa muda mfupi na mtu asiye fundi, na kwamba kinaweza kung'olewa kabla gari halijapelekwa kwa wakala, hivyo dhamana ya kiwanda, ambayo madukani huitwa waranti, ikabaki salama. Sifa ya kwanza ni ya kweli kwa kiasi kikubwa. Ya pili inachanganya kutoonekana kwa kifaa na kutokuwepo kwa athari zake, na hoja ya mada hii ni kwamba swali la msingi si kama dhamana imekufa au ingali hai, bali ni nani anayetakiwa kuthibitisha chanzo cha uharibifu, na kwa ushahidi upi. Mfano utakaofuatwa ni wa Marekani, kwa kuwa huko soko la visanduku ni kubwa na sheria inayohusika imeandikwa waziwazi.

Namna kompyuta inavyodanganywa

Tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja, ya kwanza ikizungushwa na moshi unaotoka kwenye silinda kuelekea ekzosi, na ya pili, kwa mzunguko huohuo, ikishindilia hewa kuingia katika injini. Wazo hili aliliandikishia hataza mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi mwaka 1905, na faida yake ni kwamba hewa iliyoshindiliwa huruhusu petroli nyingi zaidi kuchomwa katika silinda ileile. Tabo ndogo za magari ya leo huweza kufikia mizunguko 200,000 kwa dakika, kwa hiyo hazina budi kuzuiliwa, na kazi hiyo hufanywa na westigeti, yaani kilango kinachopitisha sehemu ya moshi pembeni ili usiizungushe feni kupita kiasi.

Anayeamua kilango hicho kifunguke au kifungwe ni kompyuta ya injini, nayo haina macho ila sensa. Sensa ya presha huigeuza presha ya hewa kuwa umeme wa volti chache, kompyuta ikasoma volti hizo na kuzilinganisha na lengo lililoandikwa katika programu yake. Kisanduku hukaa katikati ya mazungumzo hayo. Tuseme lengo ni baa 1.6, baa moja ikiwa ni takriban presha ya hewa ya kawaida usawa wa bahari. Kisanduku hupokea taarifa ya kweli kutoka kwa sensa, kikapunguza baa 0.2, kisha kikaipeleka mbele taarifa iliyopunguzwa. Kompyuta inasoma 1.4, inaona tabo imezembea, inakaza westigeti, na haitulii mpaka isome 1.6, wakati ambapo ndani ya injini presha ya kweli imefika 1.8. Hewa imeongezeka kwa asilimia 12 hivi, na msukumo wa gari huongezeka kwa kadiri inayokaribia hapo, joto la hewa iliyoshindiliwa likiondoa kidogo.

Uwongo huo haubaki peke yake, kwa maana injini hupima vitu vingi vinavyotegemeana. Kompyuta iliyoamini kwamba hewa ni ya 1.6 hupima petroli ya 1.6, nayo ni pungufu kwa hewa ya 1.8. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi hugundua upungufu huo na kuitaka kompyuta iongeze, na maongezo yakirudiarudia kompyuta huyaandika katika kumbukumbu yake kama sahihisho la kudumu, kana kwamba injekta zimeziba au pampu imechoka. Visanduku vya bei ya juu hujaribu kuzisahihisha pia taarifa nyingine, vikichomekwa hata kwenye soketi ya upimaji iliyo chini ya usukani, ilhali vile vya bei ya chini huiachia kompyuta ihangaike yenyewe. Katika hali zote mbili mlinzi wa mwisho ni sensa ya kugonga, ambayo husikiliza mlio wa petroli inayolipuka kabla ya wakati wake, hali ambayo mafundi huieleza kwa kusema kwamba injini inagonga, na huiambia kompyuta icheleweshe cheche. Kiwanda kiliweka nafasi ya akiba kati ya lengo lake na kiwango cha kuvunjika ili gari listahimili petroli mbaya, joto na uzee, na kisanduku hakiumbi nguvu mpya bali hutumia akiba hiyo.

Ni kiasi gani cha akiba kinachotumika hutegemea pia mahali gari lilipo, jambo ambalo matangazo hayalisemi. Katika mji wa Denver, ulio mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni takriban baa 0.83 tu. Gari lisilo na kisanduku linalotafuta baa 1.6 huko linalazimika kuishindilia hewa mara 1.93, wakati gari lenye kisanduku pwani, likitafuta 1.8, huishindilia mara 1.8. Kwa maneno mengine, tabo ya Denver isiyoguswa tayari inafanya kazi ngumu kuliko ile ya pwani iliyodanganywa, na ikidanganywa nayo hufika karibu mara 2.2. Nairobi iko juu kidogo kuliko Denver, na hesabu yake haitofautiani sana.

Injini moja na pampu yake

Mwaka 2006 kampuni ya BMW ilitoa injini ya petroli ya N54, yenye silinda 6, ujazo wa lita 3.0 na tabo mbili, ambayo katika gari la 335i nchini Marekani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 300. Programu ya kompyuta yake ilikuwa imefungwa kwa namna ambayo mafundi wa nje walichukua miaka kadhaa kuifungua, na kwa sababu hiyo kisanduku kilitangulia sokoni. Kile kiitwacho JB4, ambacho baadaye kilitolewa kwa magari ya chapa nyingi nyingine, kilijijengea jina kwenye injini hiyo.

Injini hiyohiyo ilikuwa na udhaifu katika pampu ya petroli ya presha ya juu, inayosukuma petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Dhamana ya kawaida ya magari hayo huko Marekani ilikuwa miaka 4 au maili 50,000, lakini ya pampu ilirefushwa hadi miaka 10 au maili 120,000, na Oktoba 2010 kampuni ikatangaza urejeshaji wa magari yapatayo 130,000 kwa ajili yake. Pampu zilikuwa zikifa katika magari ambayo hayajawahi kuona kisanduku. Sasa achukuliwe mwenye gari aliyefunga kisanduku, pampu yake ikafa kwenye maili 40,000. Ni kweli kwamba kisanduku kiliidai pampu petroli zaidi. Ni kweli vilevile kwamba pampu ya jirani yake, iliyodaiwa petroli ya kiwanda tu, imekufa kwenye umri uleule. Kutokea kwa mambo mawili kwa pamoja si uthibitisho kwamba moja limezaa lingine, na hapa ndipo sheria inapoingia.

Sheria ya mwaka 1975 na mipaka yake

Sheria ya Magnuson-Moss, iliyopewa majina ya Seneta Warren Magnuson na mbunge John Moss, ilianza mwaka 1975 baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu hati za dhamana zilizotoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Inamkataza mtoa dhamana kumfunga mnunuzi kwa sharti la kutumia kifaa au huduma ya chapa fulani, isipokuwa kifaa hicho kitolewe bure au Tume ya Biashara ya Shirikisho iwe imeruhusu. Tume hiyo imeshikilia kwamba kuwepo kwa kifaa cha nje peke yake hakufuti dhamana, ingawa mtoa dhamana anaweza kukataa kugharamia uharibifu atakaoonyesha kuwa umesababishwa na kifaa hicho, na mwaka 2018 iliziandikia kampuni 6 barua za onyo kuhusu masharti ya namna hiyo.

Wauzaji wa visanduku huinukuu sheria hii kwa furaha kubwa, na kwa kawaida huishia katikati ya sentensi. Wanachosema ni kwamba wakala hawezi kufuta dhamana yote, na hilo ni sahihi: kioo cha mlango kikigoma kushuka, kisanduku hakihusiki. Wasichosema ni kwamba tabo, pistoni, gasketi ya silinda hedi na giaboksi ndivyo vipuri ambavyo uhusiano wake na presha iliyoongezwa unaelezeka kwa urahisi, na ndivyo hivyohivyo vyenye gharama kubwa. Sheria inampa mtoa dhamana mzigo wa kuthibitisha, lakini mzigo huo hupimwa mahakamani, na kabla ya mahakama kuna kaunta ya wakala, ambako jibu la hapana hutolewa kwa dakika tano na gari hubaki juu ya jeki. Kweli, mlaji anayeshinda anaweza kulipwa gharama za wakili wake. Hata hivyo atakuwa anatembea kwa miguu wakati kesi inasikilizwa.

Upande wa mazingira unaweza kuelezwa kwa ufupi. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza kuchezea mitambo ya kudhibiti moshi, na California hutaka kifaa cha namna hii kiwe na kibali cha bodi yake ya hewa, hivyo maandishi ya "kwa mashindano tu" kwenye boksi yana uzito zaidi kuliko yanavyoonekana. Ujerumani huenda mbali zaidi, kwani badiliko linaloharibu hali ya moshi huondoa kibali chenyewe cha gari kuwa barabarani.

Alama zinazobaki

Anayeng'oa kisanduku usiku wa kuamkia siku ya wakala anaondoa chombo, si historia. Magari ya Marekani ya kuanzia mwaka 1996 yana mfumo wa upimaji unaohifadhi hali ya injini pale hitilafu inapotokea, kama mizunguko, joto, mzigo na sahihisho la petroli. Akizifuta kumbukumbu hizo, mfumo huanza kuhesabu umbali uliosafiriwa tangu zilipofutwa, na vipimo vya ndani huonyesha kwamba bado havijakamilika, kwa hiyo gari lililofutwa juzi hujitangaza. Magari mapya zaidi huhifadhi pia misimbo ya kudumu ambayo mashine ya fundi haiwezi kuifuta, mpaka kompyuta yenyewe iridhike kwamba kasoro imekwisha. Halafu kuna chuma: pistoni iliyomeguka kwenye ukingo wa ringi kwa sababu ya kugonga ina sura ambayo fundi mzoefu huitambua, na plagi ya sensa iliyochomolewa mara nyingi huwa na mikwaruzo na kibano kilicholegea.

Kwa Afrika Mashariki swali hili lina wigo mwembamba. Magari mengi ya tabo yanayoonekana Nairobi au Dar es Salaam, Subaru zikiwa mfano wa karibu, yaliingia yakiwa yametumika Japani, na dhamana ya kiwanda haikupanda meli pamoja nayo. Kwa magari hayo, mwenye gari ndiye mdhamini wa injini yake tangu siku ya kwanza. Swali hilo linabaki hai kwa pikapu mpya za dizeli zinazouzwa na mawakala, ambazo nazo zina visanduku vyake. Hapo ulinzi wa mlaji umo katika sheria pana kama Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 na Sheria ya Kulinda Walaji ya Kenya ya mwaka 2012, na kitabu cha dhamana chenyewe kinafaa kusomwa kabla ya kisanduku kununuliwa, hasa ukurasa wa mambo yasiyogharamiwa.

Linabaki suala la namna mwenye gari anavyoweza kujitetea pale pampu au tabo inapokufa kwa udhaifu wake yenyewe. Ushahidi ulio bora zaidi alio nao ni kumbukumbu za kisanduku, kwa sababu aina nyingi huandika kwenye simu, sekunde baada ya sekunde, presha ya kweli, cheche zilizocheleweshwa na kiasi cha petroli. Kumbukumbu zinazoonyesha kwamba injini haikugonga hata mara moja, na kwamba presha ya petroli ilianza kushuka gari likiwa linasubiri taa za barabarani, zingemsaidia wakili yeyote. Lakini ili ziwekwe mezani, mwenyewe itambidi kwanza akiri kwamba kisanduku kilikuwepo, jambo lilelile ambalo alikishusha kwenye gari jana usiku ili lisijulikane.