Injini Ikifa Safarini, Hasara Moja Isizae Tatu

(Maneno ya Afisa wa Uhusiano wa Polisi katika mkutano na madereva, mafundi na wakazi wa Busia, upande wa Uganda)



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama barabarani. Mara nyingi sisi polisi tukipewa nafasi kama hii huzungumzia mwendo wa kasi na ulevi. Leo naomba nizungumzie jambo linaloweza kumpata hata dereva mwangalifu, nalo ni injini kufa ghafla safarini. Nalizungumzia kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe, na karibu kila hatua nilikosea. Nimeona ni heri niyaseme makosa yangu mbele yenu, yawafae wengine.

Jioni moja nilikuwa natoka Jinja kurudi hapa kwa gari langu dogo. Nilipofika Iganga, mshale wa joto ulikuwa umepanda kupita kawaida. Nikajiambia kwamba ni jua na foleni ya malori. Nilipopita Bugiri mshale ulikuwa unakaribia alama nyekundu, nami nikaona afadhali nijikaze nifike nyumbani. Ndani ya msitu wa Busitema, giza likiingia, mvuke ulianza kutoka chini ya boneti. Nikasimama, nikafunua, nikamimina chupa mbili za maji baridi juu ya injini iliyokuwa inachemka, kisha nikawasha tena. Sikumaliza kilomita 2. Gari lilitoa mlio wa chuma kikwaruzacho jiwe, likazima, wala halikuwaka tena.

Siku ya pili fundi alinionyesha kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alinieleza kwamba mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka, maji yakavuja kidogo kidogo, kifuniko cha silinda kikapinda kwa joto, gasketi ikaungua, maji yakaingia katika oili, na mwishowe pistoni zikakwama. Mpira ule ungenigharimu fedha kidogo sana. Injini nyingine iliyokwisha kutumika, pamoja na malipo ya fundi, ilinigharimu shilingi milioni 3 na laki 8, fedha tulizokuwa tumeziweka mimi na mke wangu kwa ajili ya ada ya shule ya watoto. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami niliujenga ukuta huo kwa mkopo.

Hiyo ndiyo hasara ya kwanza. Ingeweza kufuatwa na ya pili iliyo kubwa kuliko zote, yaani uhai. Baada ya gari kuzima nilisimama nyuma yake, katikati ya lami, nikitafuta namba ya fundi katika simu. Sikuwa nimeweka alama yoyote. Lori la mafuta lilipita karibu nami kiasi kwamba upepo wake ulinipeperushia kofia. Mzee mmoja mkazi wa pale alikuja na tochi, akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, toka barabarani kwanza. Gari utanunua jingine." Hakujua kwamba mimi ni polisi, nami niliona haya kumwambia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mshale wa joto ukipanda, simameni mahali salama mapema. Zimeni injini, msubiri angalau nusu saa ipoe. Msifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, kwa maana maji yanayochemka huruka na kuunguza uso. Msimimine maji baridi juu ya chuma cha moto, kwa maana chuma hicho huweza kupasuka. Maji yakiwa yamepungua sana, muiteni fundi, msiendelee na safari.

Gari likizima barabarani, washeni taa za dharura na kulisukuma nje ya lami iwapo inawezekana. Wekeni pembetatu za kuakisi mwanga, moja mbele na moja nyuma, umbali wa hatua zisizopungua 50, na mbali zaidi ikiwa mko karibu na kona au kilima. Abiria wote washuke, wasimame mbali na lami, wala mtu asisimame nyuma ya gari. Matawi ya miti hayatoshi kuwa alama, kwa sababu usiku hayaonekani. Tena yakiachwa barabarani baada ya gari kuondoka, huwaangusha waendesha bodaboda. Mkiona hatari, pigeni 999 au 112.

Sasa nije kwenye hasara ya tatu, ambayo niliitafuta mwenyewe. Kwa kuwa nilikuwa na haraka na fedha zilikuwa chache, nilinunua injini ile bila risiti. Sikuuliza ilitoka wapi, wala sikulinganisha namba yake na ile iliyoandikwa katika kitabu cha umiliki wa gari, kile tunachokiita logbuku. Baada ya miezi mitatu tulipata habari ya msiba. Mjomba wangu alikuwa amefariki upande wa Bungoma. Siku ya maziko niliondoka alfajiri, nikapitia Malaba. Karatasi zilipokaguliwa, namba ya injini haikulingana na ya logbuku. Afisa wa upande wa pili aliniuliza kwa heshima kama nina hati ya injini ile. Sikuwa nayo. Nilipojitambulisha kwamba ni polisi mwenzake, alinijibu kwamba hiyo ni sababu zaidi ya mimi kujua utaratibu. Alisema kweli.

Niliacha gari pale mchana kutwa nikijieleza, kisha nikapanda matatu. Nilifika waombolezaji wakirudi kutoka kaburini. Mama yangu hakunilaumu, lakini mpaka leo hatujazungumza sana juu ya siku ile.

Ilinichukua wiki kadhaa kumtafuta muuzaji, kupata nakala ya hati za uingizaji wa injini, kuifikisha kwa Mkaguzi wa Magari wa Polisi, na kusahihisha kumbukumbu za usajili. Nilibahatika kwa kuwa injini ile haikuwa ya wizi. Kama ingekuwa ya gari lililoibwa, ningepoteza injini na fedha, na ningesimama mbele ya sheria kujibu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mnaponunua injini, hata ya pikipiki, dai risiti yenye jina la muuzaji, simu yake na namba ya injini yenyewe. Ombeni nakala ya hati zilizoiingiza nchini. Injini iliyosuguliwa namba msiiguse, hata ikiwa ya bei nafuu namna gani. Ikishafungwa, pelekeni taarifa ili mabadiliko yaandikwe katika usajili kabla ya kuvuka mpaka.

Kwa fundi, andikeni makubaliano kabla ya kazi kuanza, yaani kazi ipi, kwa bei gani, na kwa siku ngapi. Pigeni picha ya gari na vifaa vyake mnapolikabidhi. Kukitokea ugomvi juu ya bei, fahamuni kwamba polisi hawakusanyi madeni. Anzeni kwa mwenyekiti wa LC1, au mwende mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, ambao hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 bila kuhitaji wakili. Lakini fundi akiuza vifaa vyenu au akifunga kifaa cha wizi, hilo ni kosa la jinai, njooni kituoni. Kutoa taarifa hakulipiwi.

Kwa wanaovuka mpaka, nina mambo mawili. Kadi ya njano ya COMESA hulipia madhara mnayowasababishia watu wengine, haitengenezi injini yenu. Na gari likifia upande wa pili, siku za kibali cha forodha huendelea kuhesabika hata likiwa gereji. Nendeni forodha kabla muda haujaisha, mkiwa na barua ya fundi, muombe kuongezewa muda.

Ndugu mafundi, nawaomba muwe na daftari la kila injini mnayoifunga na namba yake. Daftari hilo litawalinda ninyi kabla ya kumlinda mteja. Na ndugu wakazi wa kando ya barabara, gari lililoharibika usiku lina mtu mwenye hofu ndani yake. Mwendeeni kwa tochi kama yule mzee wa Busitema alivyoniendea mimi. Nilirudi baadaye kumshukuru, nikamwambia kazi yangu. Alicheka sana, akaniuliza kama sasa nina pembetatu. Nilifungua buti nikamwonyesha.

 Maswali nitayapokea sasa, na aliye na jambo la faragha anione baada ya mkutano.