Dawa Hujeruhi, Seli Huamua: Nafasi ya MaikroRNA katika Kifo cha Seli za Saratani ya Matiti



Mgonjwa anapowekewa dripu ya doksorubisini, dawa hupenya hadi kwenye kiini cha seli, hujibana katikati ya DNA na kukifanya kimeng'enya cha topoisomerasi II kishindwe kuunga kile kilichokikata. Jeraha hilo haliiui seli papo hapo. Seli hupima madhara, kisha ama hujitengeneza na kuendelea kugawanyika, ama hujiua kwa utaratibu uitwao apoptosisi. Mada yangu inahusu vipande vidogo vya RNA vinavyouelemeza uamuzi huo upande mmoja. Ninashikilia kwamba kazi ya maikroRNA haiwezi kuelezwa bila kwanza kusema imepimwa katika seli ya aina gani.

MaikroRNA ni uzi wa nyukliotidi 22 hivi, na hautengenezi protini yoyote. Ukishabebwa na protini ya Argonauti, huzitafuta RNA mjumbe zinazooana nao na kuzizuia zisisomwe, au kuzifanya zivunjwe. Ya kwanza, lin-4, ilielezwa mwaka 1993 na Victor Ambros na wenzake katika mnyoo mdogo sana, na Gary Ruvkun akaonyesha jeni inayozimwa nayo. Wawili hao walitunukiwa Nobel mwaka 2024.

Turudi kwenye kifo chenyewe. Protini ya BCL-2 hulinda utando wa mitokondria, nazo BAX na BAK hutaka kuutoboa. Zikifaulu, sitokromu C huvuja na kuamsha kaspasi, vimeng'enya vinavyoimeng'enya seli kutoka ndani. Hapo ndipo maikroRNA zinapoingilia. DNA ikijeruhiwa, protini ya p53 huagiza miR-34a itengenezwe kwa wingi, nayo huipunguza BCL-2. Seli husogea kuelekea kifo. Kinyume chake, miR-21, ambayo huzidi mno katika uvimbe mwingi wa matiti, huzikandamiza PTEN na PDCD4, protini zinazozuia uvimbe, na seli iliyojeruhiwa huponyoka. Nayo miR-125b huishusha BAK, na imehusishwa na usugu dhidi ya dawa ya paklitakseli.

Sasa, sehemu kubwa ya maarifa haya imetoka kwenye seli za MCF-7. Seli hizo zilitokana na maji yaliyotolewa kifuani mwa mtawa mmoja huko Michigan, Marekani, mwaka 1970, na tangu hapo zimeenea katika maabara za dunia nzima. Zina vipokezi vya estrojeni, na p53 yake ni nzima. Lakini jeni yake ya kaspasi-3 ina pengo, kwa hiyo kimeng'enya hicho hazina kabisa. Hufa kwa kutumia kaspasi nyingine, na DNA yake haikatiki vipandevipande kama tulivyozoea kuona. Mtafiti anayeongeza miR-34a kwenye MCF-7 kisha akapima kaspasi-3 peke yake anaweza kutangaza kwamba hakuna kilichotokea, huku seli zinakufa mbele yake. Naliona hili kuwa kosa zito, kwa sababu matokeo ya namna hiyo huwafikia wanaopanga tiba.

Seli za MDA-MB-231 ni hadithi nyingine. Hazina vipokezi viwili vya homoni wala kipokezi cha HER2 cha ziada, na p53 yake imeharibika, hivyo doksorubisini inapozijeruhi, agizo la kawaida la kuita miR-34a halitolewi ipasavyo. Aina hii ya saratani, isiyo na vipokezi vyote vitatu, huonekana kwa kiwango kikubwa zaidi miongoni mwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko wa Ulaya. Haitibiki kwa dawa za homoni, kwa hiyo mgonjwa hutegemea sana tibakemikali. Kwetu Afrika Mashariki, basi, kuanza na MCF-7 ni kuanza mbali na wagonjwa wengi wanaotuhitaji.

Wapo wanaosema turudishe miR-34a kama dawa. Jambo hilo lilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani kwa jina la MRX34, na likasitishwa mwaka 2016 baada ya madhara makali ya kinga ya mwili, vikiwemo vifo. Mimi ningeanza na upimaji. MaikroRNA ni fupi, hivyo hustahimili formalini vizuri kuliko RNA ndefu. Vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta katika maabara zetu za patholojia bado vinaweza kusomwa. Tulinganishe kipande kilichochukuliwa kabla ya dawa na mabaki ya uvimbe yaliyotolewa wakati wa upasuaji, kwa mgonjwa yuleyule. Kwa damu tuwe waangalifu zaidi: miR-16 na miR-451 zimejaa ndani ya chembe nyekundu, na sampuli iliyosafirishwa vibaya hadi chembe zikapasuka itaonyesha ongezeko ambalo halikutoka kwenye saratani. Kila sampuli ya aina hiyo ipimwe kwanza kama chembe zimepasuka, na ikiwa zimepasuka, itupwe.