Nyumba ya Kiangazi Iandikwe Kabla ya Kulaliwa

Mazungumzo na wakazi wa Muyinga na kolini za mpakani



Tumeomba nafasi hii kwa ajili ya jambo linalorudi kila kiangazi, nalo ni utafutaji wa nyumba yenye vitanda na vyombo, ya kukodi kwa wiki mbili au mwezi mmoja mjini Gitega. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku linapoiacha familia nzima barabarani usiku, pamoja na mizigo yake, huku fedha zilizochangwa na ukoo zikiwa zimekwisha kupotea.

Mnajua jinsi miezi hii ilivyo. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hukoma, watoto huwa katika likizo kubwa, na shughuli zilizosubiri mwaka mzima hufuatana: posa, harusi, kumaliza matanga. Ndugu walioko Ulaya na Kanada hurudi kuwaona wazazi, na ndugu wa Ngara na Kigoma huvuka kuja kuhudhuria. Gitega nayo si mji ule wa zamani. Tangu ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, Bujumbura ikabaki mji mkuu wa biashara, watumishi wa ofisi za serikali wamehamia huko, nao wanatafuta nyumba katika mitaa ile ile ya Nyamugari, Magarama, Musinzira na Yoba. Wapo pia wageni wanaokuja kuliona Jumba la Makumbusho la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1955, na patakatifu pa ngoma pa Gishora. Wanaotafuta wamekuwa wengi, na nyumba zenye samani hazikuongezeka kwa kadiri hiyo.

Basi familia ya watu kumi kutoka Muyinga, yenye harusi Gitega mwezi wa Agosti, hupiga hesabu ya hoteli na kuona kwamba haiwezi. Inataka nyumba yenye jiko, uwani pa kupikia chakula cha wengi, na chumba cha chini ambacho bibi mzee ataingia bila kupanda ngazi. Haja hiyo ni ya haki kabisa. Lakini familia iko mbali, siku zinakaribia, na hakuna mtu wa kwenda kutazama. Hapo ndipo mdanganyifu hupata mlango.

Tueleze kazi yake inavyokwenda, maana anayeijua haimnasi kwa urahisi. Mdanganyifu hujiita dalali, au komisyoneri kama wengi wetu tusemavyo. Hutuma picha nzuri kwa simu: sebule yenye viti, vitanda vilivyotandikwa, uwani palipofagiliwa. Nyumba yenyewe mara nyingi ipo kweli, ila si yake, na mwenyewe hana habari. Bei anayotaja ni ya chini kidogo kuliko ya wengine, si ya chini sana, ili isitiliwe shaka. Kisha huleta haraka. Husema yupo mteja mwingine mlangoni, tena ameshika fedha mkononi, hivyo nusu ya kodi itumwe kwa simu kabla ya jioni. Zikisha kutumwa, hutaja gharama nyingine: ya ufunguo, ya kusafisha, ya kubadilisha mashuka. Siku ya safari simu yake haipatikani. Familia hufika Gitega jua limezama, ikagonga mlango, na mtu asiyewajua akawafungulia akishangaa.

Kinga ya kwanza ni jicho. Nyumba isilipiwe kabla haijaonwa na mtu mnayemwamini. Kama hamwezi kwenda wenyewe, yupo mwanafunzi wa kolini yenu anayesoma Gitega, yupo shangazi aliyeolewa huko, yupo dereva anayepita njia ya Karusi kila wiki. Mmoja wao aende mchana, aingie ndani, afungue bomba, awashe taa, ahesabu vitanda na magodoro. Maji na umeme visichukuliwe kuwa vipo kwa sababu tu mabomba na nyaya vinaonekana. Aulize majirani maji hutoka siku zipi, na kama pana mapipa ya kuyahifadhia. Aulize pia ni nani atakayelipia umeme. Ahakikishe mablanketi yapo, kwa kuwa Gitega iko juu, na usiku wa Julai baridi yake huwasumbua watoto na wazee.

Kabla ya kuondoka, mjumbe wenu amwulize jirani wa kulia na jirani wa kushoto nyumba ile ni ya nani. Kisha apite kwa mkuu wa nyumba kumi na kumwuliza swali lile lile. Majibu yakipatana na jina la anayedai kodi, mmepiga hatua kubwa. Yasipopatana, kataeni, hata kama picha ni nzuri na bei ni nafuu. Dalali wa kweli hakasiriki anapoambiwa mteja anataka kumwona mwenye nyumba. Anayekasirika au kuharakisha amejitambulisha mwenyewe.

Kinga ya pili ni maandishi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kodi ya wiki mbili ni mali. Karatasi moja inatosha, ikiandikwa nakala mbili na kutiwa saini na pande zote mbili mbele ya shahidi: majina kamili na namba za vitambulisho, mahali nyumba ilipo, siku ya kuingia na ya kutoka, kodi, amana iliyotolewa na namna itakavyorudishwa. Nyuma yake viorodheshwe vyombo vilivyomo, kuanzia viti mpaka sufuria, na kasoro zilizokuwapo tangu mwanzo. Orodha hiyo huwakinga wote wawili. Mgeni hatalipishwa kioo alichokikuta kimepasuka, na mwenye nyumba hatapoteza godoro akakosa ushahidi. Mkilazimika kutanguliza fedha, zitangulizwe kidogo baada ya nyumba kuonwa, na salio litolewe siku ya kupokea ufunguo. Ujumbe wa simu unaothibitisha malipo msiufute.

Sasa tufike kwenye daftari la kaya. Tunajua kwamba wapo wanaoliogopa. Mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka husema, “Nakaa siku tano tu, kwa nini niandikwe?” Mwenyeji naye huona haya kumwomba mjomba wake kitambulisho, kana kwamba amemtilia shaka. Tunaomba jambo hili litazamwe kwa upande wa mgeni mwenyewe. Mtu aliyeandikwa ana mahali panapojulikana. Akiugua usiku, akipotelewa na mtoto sokoni, au akisingiziwa wizi uliotokea mtaa wa pili, lipo jina lake, ipo siku aliyofika na yupo mwenyeji wa kumsemea. Asiyeandikwa huanza kueleza yeye ni nani katika saa ile ile ambayo hakuna mwenye subira ya kumsikiliza.

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatambua uhuru wa raia wa nchi wanachama kusafiri kutoka nchi moja kwenda nyingine. Ndugu wa Tanzania anayekuja harusini anakuja kwa haki yake. Ni vema haki hiyo aishuhudie kwa hati halali iliyogongwa mhuri mpakani Kobero, kuliko kupita njia za kichakani na kuwaachia wenyeji wake wasiwasi wa wiki mbili.

Tunawageukia sasa ninyi wenye nyumba, wa Gitega na wa hapa Muyinga pia, kwani watu wengi hulala Muyinga siku chache kabla ya kuvuka. Hatari inayowafikia ninyi ni ya namna nyingine. Hutokea mtu mwenye maneno laini, akalipa mwezi mzima kwa mkupuo, akaomba jina lake lisiandikwe. Baada ya siku mbili huleta wasichana ambao hamkuambiwa habari zao. Hawatoki nje, hawaongei na majirani, simu na vitambulisho vyao ameshika yeye. Ukiwauliza waendako, mmoja husema ni kazi ya nyumbani Uarabuni, mwingine hajui. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 29 Oktoba 2014 ya kuzuia na kuadhibu biashara ya kuuza binadamu, na biashara hiyo haiwezi kwenda bila paa la kuwafichia watu kwa siku chache. Mwenye nyumba aliyemwandika mgeni wake kwa kitambulisho amekwisha kumnyima mhalifu kile anachokitafuta. Mkiona dalili hizo, tuambieni mapema, wasichana wale wangali upande huu wa mpaka. Wakisha kuvuka, wazazi wao hutujia na picha mkononi, na njia ya kuwatafuta huwa ndefu.

Hatusemi kila mgeni ashukiwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hayo ni maneno yetu, na kiangazi chetu hakingekuwa na furaha bila wageni. Mwombeni kila mmoja kitambulisho bila ubaguzi, tajiri na maskini, wa karibu na wa mbali, na hakuna atakayejiona ametengwa.

Mwisho, tuna neno kwa yule ambaye amekwisha kudanganywa. Wengi hunyamaza kwa aibu, hasa baba wa familia aliyekabidhiwa mchango wa ukoo. Utapeli ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu ya Burundi, na aliyetapeliwa hana kosa. Njooni kituoni siku hiyo hiyo mkiwa na namba iliyopokea fedha, ujumbe wa malipo, picha mlizotumiwa na maneno yote mliyoandikiana. Mjulisheni pia wakala wa huduma mliyotumia kutuma fedha, kwa kuwa zikiwa hazijatolewa bado pana tumaini. Hatuwezi kuwaahidi kwamba kila faranga itarudi. Lakini namba iliyowadanganya ninyi leo itaidanganya familia nyingine kesho, na taarifa yenu huenda ikawaokoa watu msiowajua.

Kabla Juni haijafika, kaeni na familia zenu, mchague mtu atakayetangulia Gitega kuiona nyumba, na mmpe kalamu na karatasi.  Maswali yenu tuko tayari kuyapokea.